Majibu Niliyomjibia Israël

Point, Durban
Jumanne, mchana

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kwa jina la Bwana. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha wateja hapa saluni, maana mvua imewafungia watu majumbani na Glody amelala mgongoni mwangu. Magoti yako yanasemaje? Ile dawa ya presha tuliyompa Mama Marcelline akufikishie, unaimeza kila asubuhi au umeanza tena kuwagawia majirani? Nijibu kweli. Na ziwa, limerudi mahali pake au bado linaingia kwenye nyumba za kule chini? Nawasalimia wote wa nyumbani, wa mbele na wa nyuma, kama ninavyosema siku zote.

Sisi huku tunapumua. Peguy bado anatengeneza simu kwenye meza yake mlangoni mwa duka la nguo, macho yameanza kumsumbua. Glody ameota meno mawili, na wa kwanza kuumwa ni mimi. Israël ametimiza miaka minane, mrefu, ana miguu ya baba. Mimi nimechoka, Mama, lakini si uchovu wa kukutisha. Ni ule wa kusuka watu tangu asubuhi, mpaka ukifika nyumbani vidole vinaendelea kusuka vyenyewe.

Utajiuliza kwa nini karatasi wakati iko WhatsApp. Mama, vokali zangu za sauti unazisikilizia uani, simu juu ya kiti, na kila anayepita anapata sehemu yake. Mara ya mwisho nilitaja kwamba tumbo linaniuma, na kabla jua halijazama Tantine wa Lubumbashi alikuwa ameshanitumia pole. Jambo hili si la uani. Papa Vénérand wa kanisani kwetu anasafiri kesho asubuhi, amekubali kuiweka barua ndani ya Biblia yake mpaka Kalemie. Uisome kwanza peke yako, mlango umefungwa.

Naogopa, Mama. Nalisema mapema ili usihangaike kulitafuta kati ya mistari. Keshokutwa, Alhamisi, saa nne asubuhi, natakiwa kusimama mbele ya watu saba wa ofisi ya elimu na kusema jambo nililolifanya. Barua hii itakapokufikia nitakuwa nimeshasema au nimeshashindwa. Wewe utakuwa unasoma hofu ambayo kwangu imekwisha au imezaa nyingine.

Nianze na Israël, maana kwake nimekuwa nikikupa habari nusu. Nimekuambia anachelewa kidogo kusema. Ukweli ni kwamba Israël hasemi kama watoto wengine. Ukimwambia njoo ule, anajibu ule. Meli ikipiga honi bandarini anaziba masikio na kujikunja chini ya meza, na kwa Point hapa meli hazituulizi kama tuko tayari. Anaweza kukaa asubuhi nzima akipanga vizibo vya chupa kwa rangi, na ukisogeza kimoja atalia mpaka jirani tunayegawana naye chumba, nyuma ya pazia, atupigie kelele. Si mjinga. Anapenda taa za barabarani, wenyeji wanaziita roboti, na anajua kila moja kati ya nyumba na saluni inakaa nyekundu kwa hesabu ngapi.

Alipofika miaka sita walimpima kabla ya kumwandikisha shule. Yule mtaalamu aliyempima aliandika kwamba mtoto yuko sawa, shida yake ni lugha tu. Hapo nitaparudia. Wakampeleka shule ya kawaida, darasa la watoto hamsini na wawili, kwa mwalimu mmoja anayeitwa Thandeka. Siku moja mlango uliachwa wazi, Israël akatoka, akaenda kusimama katikati ya barabara kuhesabu roboti, magari yakimpita huku na huku. Mwalimu Thandeka alimkimbilia mpaka kiatu kimoja kikamtoka, akamvuta kwa shati. Nilipofika nilimkuta ameketi pembeni ya barabara, mguu mmoja peku, amemkumbatia mwanangu. Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu akasema nisimrudishe mpaka apimwe upya, na jina la Israël likaingia kwenye foleni ya shule ya watoto wenye mahitaji maalumu. Foleni haikusogea mwaka mzima.

Mwaka huo alikaa nami saluni, miguuni pa wateja. Na ulikuwa mwaka mbaya wa kuonekana. Watu wenye mabango walikuwa wakisimama kwenye mageti ya kliniki na ya shule, wakitaka kuona karatasi za kila mtu mwenye lugha nyingine mdomoni. Karatasi zetu tunazo, lakini zinaisha mwezi wa tatu, na Peguy hunikumbusha kila tunapokula kwamba tusitie sahihi popote na jina letu lisisikike mahali.

Ndipo akaja Coletha. Ni Mtanzania, binti wa Bukoba, yuko mwaka wa nne chuoni, anasomea kufundisha watoto kama Israël, na amepanga chumba Glenwood. Alikuja kusukwa rasta ndogo ndogo. Anaongea Kiswahili kilichopigwa pasi, anasema naomba hata kwa maji yake mwenyewe, mpaka Mama Marcelline, anayesuka kiti cha pili, akamwambia, dada, hii ni saluni, si taarifa ya habari. Naye akajibu bila kugeuza kichwa kwamba Kiswahili chetu kikifika Bukoba kitaombwa karatasi mpakani. Tulicheka mpaka uzi ukanidondoka. Tangu siku hiyo akawa wetu.

Alimwona Israël anapanga vitana kwa urefu. Watu wote huuliza ana nini huyu. Yeye alishuka kwenye kiti, kichwa robo kimesukwa, akakaa sakafuni, akapanga cha kwake kimoja pembeni. Israël akakisogeza kidogo, kikae sawa. Hakulia. Coletha akaniambia kuna jina la hali ile, usonji, na kwamba si pepo wala si malezi.

Baada ya hapo alikuwa anapita kila asubuhi kabla ya masomo, na kadi alizochora mwenyewe: kikombe, choo, kofia, roboti. Miezi miwili hakuna kitu. Halafu siku moja Israël akachukua kadi ya kikombe, akaniwekea mkononi, akasubiri. Mama, niliacha kichwa cha mteja nikaenda kulia chooni, kisha nikarudi nikampa maji.

Lakini Coletha hakuja kwa ajili ya mtoto mmoja. Ana daftari. Amezunguka Point, Overport mpaka kule juu, ameandika watoto thelathini na mmoja, Wakongo, Warundi, Watanzania, wanaokaa nyumbani kwa sababu walipimwa kwa Kiingereza na Kizulu tu, au walitajwa wazima wakati si wazima, au walitajwa wagonjwa wakati shida ilikuwa lugha. Anataka ofisi ya elimu ibadilishe namna ya kupima. Mwalimu wake wa chuo alimwonya amalize shahada kwanza. Aliposimama kusema kwenye mkutano mmoja, kuna mtu akamtumia ujumbe aende akarekebishe shule za kwao. Alituonyesha huku akicheka, ila nilikuwa nimeshika kichwa chake, nikasikia shingo yake imekaza kama mbao. Kibali chake cha masomo nacho kinataka kufanywa upya. Hakuacha. Alibadilisha tu njia ya kurudi Glenwood.

Mwezi uliopita akapata nafasi ya kusikilizwa Alhamisi hii. Akasema lazima aweke mbele kisa cha mtoto mmoja, na amechagua cha Israël. Nilikubali, maana nilifikiri ataandika habari za foleni. Jumatano iliyopita alikuja kusukwa kwa ajili ya siku hiyo, akanisomea karatasi yake nikiwa namsuka.

Karatasi ilisema hivi: mtoto huyu alipokuwa na miaka sita alipimwa kwa Kiswahili, na faili linaonyesha alieleza picha kwa sentensi nzima, hata akauliza maswali. Leo hasemi. Aliingia darasa la hamsini na wawili, hakuna aliyemwelewa, na darasa lile likammaliza maneno. Na chini, jina la mwalimu: Thandeka. Atatakiwa kujieleza.

Vidole vyangu vikasimama.

Sasa naparudia pale, Mama. Siku ile ya kupimwa hapakuwa na mkalimani wa Kiswahili. Yule mtaalamu, mwanamke mpole mwenye miwani, akaniambia mama, wewe utatafsiri. Akamwonyesha mtoto picha ya soko. Israël akasema ndizi. Akarudia ndizi, ndizi, ndizi, huku akipapasa ukingo wa meza. Mimi nikasema, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kwamba anaona mama anauza ndizi na anauliza kama mama huyo ana watoto nyumbani. Yule mwanamke akatabasamu, akaandika. Picha ya pili, mbwa na mpira. Israël hakuitazama kabisa, alikuwa anatazama feni. Nikasema anasema mbwa amechoka. Picha kumi na mbili, na zote nilizijibu mimi. Sikuwa nimepanga. Ilikuwa kama mgeni anapobisha hodi, mkono unavyokwenda wenyewe kumfuta mtoto kamasi na kumvuta shati. Tulitoka pale nikiwa na furaha, nikamnunulia biskuti.

Kwa hiyo Israël hakupoteza sentensi yoyote, hakuwahi kuwa nayo. Na mwanamke aliyekimbia peku barabarani kumwokoa alikuwa anakwenda kulaumiwa kwa maneno niliyoyatunga mimi.

Ningeweza kunyamaza. Peguy angependa ninyamaze. Nilifikiri karatasi zetu za mwezi wa tatu, nikafikiri kwamba aliyeidanganya ofisi moja ataambiwa ameidanganya na nyingine. Nilisuka mistari miwili zaidi nikifikiri. Kisha nikamwambia yote, nikiwa nyuma yake, maana usoni nisingeweza.

Aliniuliza ni picha ngapi. Nikamwambia zote. Akasema, Mama Israël, miezi mitano nakaa hapa chini unanisuka, miezi mitano nakuuliza alianza kunyamaza lini, na wewe unaniambia polepole, polepole. Akasimama. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, nusu nyingine imesimama hewani. Akafunga kitambaa juu yake, akachukua daftari lake na kwenda. Mama Marcelline akasema, eish, huyo hatarudi, na kadi zake ametuachia. Israël akachukua kadi ya kofia, akaenda nayo mlangoni, maana kwake kofia ndiyo Coletha, aliyekuja nayo kichwani kila asubuhi. Alisimama nayo pale mpaka nikambeba.

Siku nne hakuja. Nilikuwa naogopa kila mlango ukisukumwa: nikidhani ni yeye, nikidhani ni watu wa ofisi, nikidhani ni wale wa mabango.

Jana Jumatatu akaingia na kitambaa kilekile kichwani. Akaketi. Akasema neno moja, malizia. Nikafungua, nusu ile bado iko wazi, imejikunjakunja. Nikaanza kusuka. Nilipofika kwenye sikio ndipo akasema kwamba siku nne zile alizirudia nyumba zote thelathini zilizobaki. Safari hii hakuuliza mtoto alijibu nini. Aliwauliza akina mama: wewe ulitafsiri nini? Waliotakiwa kutafsiri walikuwa kumi na tisa, na kati yao kumi na mmoja wakainamisha macho. Mmoja alimjibia mwanawe mpaka umri. Mwingine alifanya kinyume, alimpunguza mtoto mzima, kwa kuwa alisikia shule maalumu inatoa chakula cha mchana.

Ameifuta karatasi ya kwanza. Jina la Mwalimu Thandeka ameliondoa, na amekwenda kumwomba radhi, ingawa hakuwa amemkosea bado. Karatasi mpya inaomba jambo moja: mtoto apimwe kwa lugha ya nyumbani kwao, na mkalimani awe mtu aliyefundishwa, asiwe mama yake. Nilimuuliza kama amenisamehe. Akasema atanijibu baada ya Alhamisi, kwa sasa nisimvute sana nywele.

Wale akina mama kumi na mmoja wote wamekataa kusimama. Nawaelewa. Coletha hakunilazimisha. Alisema bila mama mmoja kusema kwa mdomo wake, itakuwa hadithi ya mwanafunzi tu. Nikasema nitakwenda. Nikasema haraka kabla hofu haijajua.

Halafu akatoa fomu mpya ya Israël, ya kupimwa upya, tuijaze pale pale ili niende nayo. Ikafika swali linalouliza kama kuna mtu mwingine katika ukoo mwenye hali kama hii. Mdomo wangu ukasema hapana. Kama vile kwenye picha ya ndizi, Mama. Hata sikusikia umesema saa ngapi.

Coletha hakuandika. Alishika kalamu tu, akanitazama kwenye kioo.

Mama, utaniwia radhi, lakini lazima nikuambie nilichojibu. Nilisema, andika ndiyo. Nilisema nina kaka mkubwa, Yaya wangu, anaitwa Athanase, ana miaka thelathini na nne, anakaa chumba cha nyuma kwa mama yangu Kalemie, na alikuwa akipanga maganda ya karanga ukutani kabla sijazaliwa. Mama Marcelline, aliyekula kwako siku tatu alipokuletea dawa, akageuka akauliza, chumba gani?

Nimemwambia Peguy pia, kabla hajaambiwa na saluni. Unakumbuka siku ukoo wake ulipoleta mahari. Yaya Athanase alipelekwa asubuhi kwa shangazi, na baba yake Peguy alipouliza umejaliwa watoto wangapi, ulisema sita, na mmoja tulizika. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nagawa soda, ukanitazama, nikasema ndiyo. Miaka kumi Peguy ameamini ana shemeji kaburini. Jana alisukuma sahani pembeni. Halafu akasema, kwa hiyo shemeji yangu yuko hai na sijawahi hata siku moja kumsalimia. Leo ametoka bila kuniaga. Lakini shati la Israël la Alhamisi amelipiga pasi yeye, nimelikuta limetundikwa. Sijui maana yake ni nini. Naogopa kuuliza.

Sikulaumu, Mama. Ulikuwa unatulinda sisi wasichana tuolewe, na watu wa kule kwetu ni wepisi kusema ukoo una laana. Nakumbuka pia kwamba Yaya alikuwa na maneno. Machache, lakini alikuwa nayo. Mgeni akimuuliza jina, wewe ulijibu. Akiulizwa ameshiba, wewe ulijibu. Ulijibu vizuri kumshinda, mpaka yeye akaona hakuna haja. Nami nilijifunza hapo, sikujifunzia Durban. Sitaki Israël afike miaka thelathini na nne mimi bado nikiwa mdomo wake.

Kwa hiyo nakuomba jambo, na naliomba kwa heshima yote, lakini sitalirudisha. Mamamkwe wangu yuko mtaani kwenu, kartie hiyohiyo, habari itamfikia. Atakapokuja kukuuliza, usimpeleke Yaya kwa shangazi. Amkute ameketi mbele.

Mvua imepungua, mteja mmoja anatikisa mwavuli mlangoni, lazima nifunge. Niombee Alhamisi saa nne. Usiombe nisiogope, hilo limeshindikana. Omba Kiingereza changu kisiongeze chochote.

Nisalimie shangazi, nisalimie jirani wa kisimani na watoto wake, wachungaji wote wawili. Na nisalimie Yaya Athanase. Miaka yote hii nimemwita wa nyuma, leo nimeandika jina lake. Mkalishe uani, fungua mlango, msomee kwa sauti: Athanase, Laurette anakusalimu, anauliza hali yako. Kisha washa simu, unitumie vokali ya atakachojibu. Hata akikaa muda mrefu, subiri. Na kama ni neno moja tu, Mama, usimwongezee la kwako. Nitumie hilo hilo.

Ni mimi binti yako,
Laurette, mama wa Israël na Glody